Chupa ya Ziwa Aliyoikoroga Mama

Ngara, Nairobi
6 Novemba 2025

Mpendwa Mama Mdogo Kaindi,

Hujambo, na baridi ya Leeds imekupokeaje mwaka huu? Mgongo uliokusumbua kwa kuwainua wale wazee kazini umepata nafuu? Nijibu ukweli, usiniandikie tu kwamba unamshukuru Mungu. Sisi huku tu wazima wa mwili. Mvua imeanza, na Mama bado anatoka alfajiri na uji wake kwenda River Road.

Nakuandikia barua, nitaipiga picha na kukutumia leo hii, kwa sababu kwa simu ningelia, na katika nyumba hii ya vyumba viwili Mama angesikia.

Unaikumbuka chupa niliyokutumia picha yake mwezi wa Juni? Ulisema inafanana na keki. Ndiyo utafiti wangu wote wa shahada ya uzamili. Liko ziwa dogo la chumvi kule Bonde la Ufa, ndani ya kreta ya volkano, ambalo maji yake ya juu hayachanganyiki na ya chini. Ya juu yana joto na ni mepesi; ya chini yana chumvi nyingi, mazito, yametulia hapo miaka na miaka. Kila kina kina wenyeji wake, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho mpaka wawe mamilioni. Juu wapo wa kijani, wanaoishi kwa jua. Chini kwenye tope wapo wasiotaka hewa kabisa, nao hutoa gesi inayonuka kama yai viza. Katikati, katika utepe mwembamba, wapo wa zambarau. Hao wanahitaji mwanga unaotoka juu na ile gesi inayotoka chini, vyote viwili kwa pamoja. Wakipanda, hewa inawadhuru. Wakishuka, giza linawanyima chakula. Hawana pengine pa kukaa.

Nilichota tope na maji ya ziwa hilo, nikaongeza kiini cha yai, nikafunika, nikaweka dirishani, nikangoja miezi kumi na moja. Hakuna aliyewapanga. Walijipanga wenyewe. Kila Ijumaa nilipima unene wa kila tabaka kwa rula, na siku utepe wa zambarau ulipotokea nilikaa sakafuni nikiutazama, sikumwambia mtu.

Mwezi uliopita maabara yetu kule Westlands ilifungwa ipakwe rangi. Nikaibeba chupa kwa miguu hadi Ngara, nimeikumbatia, nikisimama kila baada ya hatua ishirini. Niliiweka kwenye dirisha la jikoni na kumwambia Mama jambo moja tu: asiimwage, hata ikinuka.

Hakuimwaga.

Unajua anavyouza uji. Ukituama, wa kwanza hunywa maji na wa mwisho hupata unga, kwa hiyo yeye hukoroga kabla ya kila kikombe. Fidel, yule mbeba mizigo, humchokoza kila asubuhi: "Mathe, leo umenipatia maji, unga umewekea bwana gani?" Naye humjibu, "Nyamaza wewe, nimekoroga mpaka mkono inauma." Kwake hiyo ni heshima ya kazi.

Jumamosi nilirudi kutoka maktaba mjini nikaikuta chupa ni kijivu, juu hadi chini, kama maji ya kuoshea vyombo.

"Nthenya, hiyo kitu yako ilikuwa imelala yote chini," Mama aliniambia akimenya viazi. "Nimekukorogea na mwiko, polepole, mpaka imekuwa moja. Lakini inanuka, mama! Mnakunywanga hiyo huko shule?"

Akacheka. Nami nikacheka. Sikujua nifanye nini na uso wangu.

Wote bado wamo, Mama Mdogo. Hilo ndilo linaloniumiza. Kila mmoja yumo mle ndani, mahali pasipo pake, na siwezi kumrudisha hata mmoja. Huenda watajipanga tena, huenda wasijipange. Hawaharakishwi.

Jumatatu nilimwambia Dkt. Hannah, msimamizi wangu, kwamba ni mimi niliyeikoroga. Alivua miwani. "Wewe? Wewe mwenye hutembea hapa ukinyata?" Akaivaa tena miwani, akasema, "Pole. Basi anza upya." Mahafali ya Desemba yamenipita.

Mama hajui. Ameshashonesha gauni la siku hiyo na kuwatangazia akina mama wa kanisani. Jana aliniuliza mwalimu alisemaje kuhusu chupa. Nilisema alifurahi.

"Nilijua tu," akasema. "Mimi nilikoroga mpaka chini kabisa."

Nikimwambia ukweli, hatagusa tena kitu changu chochote. Nisipomwambia, Desemba itamwambia. Na kosa ni langu kuliko lake, maana haya niliyokueleza wewe uliye Leeds sikuwahi kumketisha nikamweleza yeye tunayelala naye chumba kimoja. Kila jioni nafungua mdomo, kisha naomba chumvi.

Jumapili akitoka kanisani Mama atakupigia akualike kwenye mahafali. Nakuomba, usimpongeze. Sema mtandao ni mbaya, sema uko kazini. Zaidi ya hapo sijui nikuombe nini.

Nisalimie Baba Mdogo Mutie, na umbusu mdogo wangu Ngui kwa niaba yangu. Mungu akutunze wewe unayewatunza wazazi wa watu.

Ni mimi mwanao, ninayekupenda na kukukosa,
Nthenya