Ubao wa Mkono Mmoja

Jumatatu, 3 Machi
Mvua. Nimepiga msasa tena ubao wa kukatia. Mbao ni mvule, misumari miwili imetokeza ncha juu ili ishike ndizi. Tangu kiharusi, mkono wa kushoto wa mke wangu haufanyi kazi. Zamani alikatia ndizi mkononi, juu ya sufuria, kama wanawake wote huku. Anataka kitu kimoja tu: apike mwenyewe tena.
Bado kuupaka kitu cha kuzuia maji.

Jumatano, 5 Machi
Duka la Bondeni lina vanishi tu. Kopo limeandikwa isiguse chakula. Nimeirudisha. Mawese tunayo nyumbani. Nilipanga kuyajaribu kwanza kwenye kipande cha mbao, wiki mbili.
"Baba Lugano," mke wangu akauliza, "hizo wiki mbili nitakuwepo?"
Nimepaka ubao wenyewe.

Jumapili, 16 Machi
Amepika. Mara ya kwanza baada ya miezi minne. Amekata ndizi mwenyewe, saa nzima, hakutaka msaada. Wageni: mdogo wake Subilaga na mama wawili wa kwaya.
Mawese yamechacha ndani ya mbao. Nilinusa asubuhi, nikanyamaza. Chakula chote kikashika harufu. Subilaga alidhani ni mimi niliyepika. "Shemeji, umekatia ndizi kwenye ubao au kwenye mgongo wa samaki wa juzi?" Wenzake wakashukuru, ndaga, wakaacha nusu sahani.
Mke wangu alizitazama zile sahani. Kosa ni langu.

Jumanne, 18 Machi
Hajashika kisu. Nimekwangua ubao, nimeosha kwa maji moto na sabuni. Harufu imepungua. Haijaisha.

Jumamosi, 29 Machi
Muuza dawa amenipa mafuta yasiyo na rangi wala harufu, yale wanayokunywa wenye choo kigumu. Anasema hayachachi. Subilaga ameleta nta ya nyuki kutoka Matema. Hanitanii tena. Nta kijiko kimoja, mafuta vijiko vinne, nimeyeyusha juu ya maji moto. Nimepaka kipande tu. Safari hii nasubiri. Mke wangu haniulizi nasubiri nini.

Jumapili, 13 Aprili
Kipande hakinuki. Jana nilipaka ubao. Leo nimeuweka magotini pake na kisu. Amegusa msumari mmoja kwa kidole.
"Kata wewe."
Nimekata ndizi sita, nikapika. Amekula mbili, akageukia ukutani.
Nimeosha ubao. Maji yamesimama juu yake matone matone, hayaingii.