Inalia Asubuhi Tu

Kangari, 9 Juni 2024

Kwa Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu sana. Magoti yanaendeleaje na hii baridi? Mimi niko mzima, namshukuru Mungu. Mwambie Mama ile mifuko ya mikono aliyonishonea kutoka kwa koti lake la zamani la manyoya ilifika, na nimeuvalisha usukani siku hiyo hiyo. Wenzangu pale steji ya bodaboda wananionea wivu, ati sasa naitwa Madam. Asubuhi ukungu ukishuka kwa majani chai, vidole vyangu viko kwa manyoya, joto kama niko kitandani.

Naandika kwa sababu simu haikufai tena tangu masikio yazime, na hii shida nataka uisome mwenyewe. Ile pikipiki uliyonipa imeanza kunitisha. Nikiwa gia ya pili, naachilia mafuta, nafinya klachi niingize ya tatu, na badala injini itulie, inalia. Nikiachilia klachi inaruka mbele kama imechomwa sindano. Fundi wa hapa, Mwai, alisema klachi imeisha, akabadilisha sahani zote. Bado. Baba, huku ni miteremko tu, na chini ya kila mteremko kuna daraja. Niambie nifanye nini.

Ni mimi binti yako,
Warigia


Skuta, Nyeri, 14 Juni 2024

Kwako Warigia, Maitu wangu kwa kuwa una jina la mama yangu,

Salamu nyingi. Sisi tuko wazima. Magoti ni yale yale, na Mama yako anakusalimia akiwa kwa cherehani. Amefurahi sana kusikia mifuko imekufaa.

Huyo Mwai mwambie aende akalime viazi. Klachi ikiisha, injini inalia na pikipiki haiendi. Yako inalia halafu inaruka. Hiyo ni mafuta hayajafungwa. Sasa sikia, na usiruke mstari hata mmoja. Simamisha pikipiki, uizime. Zungusha mkono wa mafuta mpaka mwisho, uachilie. Lazima urudi wenyewe, na ugonge. Mimi sisikii, kwa hivyo wewe ndiye masikio yangu. Halafu washa, ugeuze usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia. Injini ikipanda, waya unavutwa mahali. Mkono wa klachi nao uwe na nafasi kidogo kabla ukaze, unene wa shilingi moja. Nakutumia waya mpya wa mafuta kwa hii parseli. Nimeupaka oili mwenyewe.

Na usiteremke na free, bila gia, ati unaokoa petroli, najua mnafanya. Ikikataa kutulia barabarani, finya klachi, ishikilie, kidole gumba kizime ile swichi nyekundu, halafu breki. Usitafute gia.

Wako,
Baba


Kangari, 23 Juni 2024

Baba mpendwa,

Salamu za Jumapili. Natumaini mko salama na ng'ombe alizaa vizuri.

Nimefanya yote. Mkono unarudi wenyewe na unagonga. Nimegeuza usukani huku na huku, injini haikupanda. Waya wako umeingia. Mchana pikipiki ni tamu kabisa. Jana saa nane nilimpeleka rafiki yangu Ngendo mpaka kiwanda cha majani na haikukohoa hata mara moja. Lakini leo asubuhi nikienda kanisani imelia tena, na mimi nikalia, sikufichi. Nilikuwa naingia daraja. Nilifinya klachi nikatafuta ile swichi, kidole kikapapasa, kikapapasa. Niliipata tairi ikiwa imeshagusa ukingo. Mwai anasema iko na pepo, niiuze.

Inalia asubuhi tu. Hapo ndipo sielewi. Naogopa, Baba, lakini nisipobeba watu asubuhi sina kazi.

Mwambie Mama aje Jumamosi ya tarehe sita kwa ubatizo wa mtoto wa Ngendo, vile tulipanga. Nitamchukua mwenyewe hapo juu barabarani saa mbili asubuhi.

Binti yako,
Warigia


Skuta, 28 Juni 2024

Maitu,

Tuko salama. Barua yako nimeisoma mara nne.

Asubuhi tu. Nimewaza baridi. Fungua kabureta juu, utoe ile pistoni ndogo inayopanda na kushuka, uioshe na petroli. Angalia usisahau choki ya kuwashia ikiwa imevutwa. Kama si hiyo, kuna kitu siwezi kukiona kutoka huku. Niandikie kila kitu unachofanya asubuhi na mchana hufanyi, hata kama ni upuzi.

Mama yako nimemwambia atembee kutoka barabarani. Amenicheka. Anasema hakuzaa msichana mwenye pikipiki ndiyo aende kwa ubatizo na viatu vya matope.

Baba


Skuta, 6 Julai 2024, saa mbili kasoro robo asubuhi

Maitu,

Leo sina salamu. Mama yako alitoka hapa saa kumi na moja. Mimi nikaingia karakana. Kuna usukani wa zamani nimeufunga kwa meza, na waya wake na springi yake. Mama yako aliuvalisha mifuko mipya anayoshonea watu wa steji yetu, apime kama inatosha. Nikaingiza mkono, mchezo tu. Nikazungusha mafuta, nikaachilia. Manyoya ya ndani yalikuwa yamejiviringisha kwa mkono wa mafuta, yakaushika. Haukurudi.

Ni mifuko. Bila shaka unaifunga asubuhi, unaitoa jua likiwaka. Ulinitajia kwa barua ya kwanza kabisa, na mimi nikaisoma kama salamu!

Jirani yetu Gatimu anakupigia. Ameweka simu mbele yangu nione. Inaita tu. Ya Mama yako pia inaita tu. Naandika kwa sababu mikono yangu haikubali kukaa bure.

Itoe, Maitu. Itoe sasa.

Baba


Kangari, 19 Julai 2024

Baba,

Natumaini mlifika nyumbani vizuri na Mama amepata kulala na kile chuma mguuni. Mimi bega linapona polepole.

Pale hospitali hatukuweza kuongea. Ningekuambia kitu kwa sauti unayosikia wewe, wodi nzima ingesikia, na Mama wa kwanza.

Tulikuwa tunateremka. Mama alikuwa nyuma, anaimba wimbo wa kanisa. Niliachilia mafuta nibadilishe gia, ikalia. Nikafinya klachi nikaishikilia vile uliniambia. Kidole gumba kikatafuta swichi kikapata manyoya tu. Mama akaogopa, akanikumbatia kwa nguvu, klachi ikaniponyoka. Halafu daraja.

Barua yako ya siku hiyo ilifika Jumatatu. Lakini mimi nilijua pale pale chini, mkono wangu ukiwa bado umekwama ndani. Nikaitoa ile mifuko nikaitupa kwa majani chai kabla watu wafike. Sikutaka aione.

Sasa Mama anaamini ni waya. Alisema mbele ya shangazi wote, akikutaja kwa jina, "Theuri alimtumia mtoto waya mbovu." Nilikuona ukisoma midomo yake. Ulielewa, ukainamisha kichwa, na mimi nikanyamaza. Nisamehe. Inaniuma zaidi ya bega. Tumwambie, Baba?

Warigia


Skuta, Ijumaa, 26 Julai 2024

Maitu,

Bega linaendeleaje? Usibebe maji na huo mkono.

Nilisoma barua yako, nikaiingiza kwa jiko. Nikaamua hapana. Kulaumiwa na mama yako Beth nimezoea miaka thelathini, na waya mbovu ni mzigo naweza kubeba. Nilijiambia mwanamke aliyevunjika mguu asivunjwe roho pia. Nimekaa hivyo siku sita.

Leo saa moja asubuhi ameniomba nimletee cherehani kitandani. Ati watu wa steji wanaumia na baridi na jozi tano za mifuko hazijaisha. Nikamwuliza, si zilikuwa sita? Akaniambia polepole, nisome vizuri: moja iliisha, ilichukuliwa juzi, wewe ukiwa shambani.

Sikuuliza na nani. Nilienda karakana nikafungua usukani, nikauleta mpaka kitandani na mfuko wake juu. Nilishika mkono wake nikauingiza ndani. Nikamwambia, zungusha. Akazungusha. Nikamwambia, achilia.

Aliangalia ule mkono wa mafuta, akaangalia mguu wake, akaniangalia mimi. Alisema mambo mengi, Maitu, lakini midomo ilitetemeka sana sikuweza kusoma. Nilisoma jina moja tu. Jesse.

Jesse wa steji unamjua. Kila Ijumaa anatoka hapa alfajiri kwenda Wang'uru kuchukua mchele, na anapenda kuteremka mbio. Ningesema Jumamosi iliyopita, hangekuwa nayo.

Sasa ni saa mbili na nusu. Mama yako ameshika mkasi, anakata zile tano vipande vipande. Gatimu amekaa kando yangu, anampigia Jesse, simu iko mezani.

Inaita tu.

Baba