Vyoo Vinne vya Bibi Mmoja

Jumamosi, 6 Septemba 2025. Akheri.

Nimerudi kwangu leo. Wiki mbili mjini kwa Ebenezer, Sokon One, wiki mbili huku mlimani — ndio mpango wake mwanangu tangu baba yake afariki. Nafika nakuta barabara ya kuingia kwangu imemwagwa kifusi na kushindiliwa. Vizuri. Nikazunguka nyuma ya migomba — vyoo! Milango minne! Bibi mmoja, milango minne. Fundi Lesikar akanipa shikamoo, akasema ni maelekezo ya kaka Eben. Nikamuuliza vya kazi gani. Eti yeye ni fundi tu. Akaanza kutafuta pima maji, nayo ilikuwa mkononi mwake.

Jumapili, 7 Septemba

Agnela jirani amepita baada ya ibada. Kavitazama vyoo, kanyamaza. Agnela! Mtu mwenye la kusema hata kuhusu kuku wa watu! Nikambana. Akasema, “Mama Eben, si unakumbuka kwa Aikaeli?”

Nakumbuka. Huku nani hajui? Mgonjwa akishakatiwa tamaa hospitali, watoto hawamwambii. Wanatengeneza nyumbani. Barabara, magari ya msibani yapite. Vyoo, waombolezaji wasihangaike. Sebule inapigwa rangi ili wageni wa mjini wasiwacheke. Aikaeli alifurahia vigae vyake siku chache tu, tukaenda kuzika.

Nami nilipimwa mwezi wa saba. Majibu alichukua Ebenezer. Akaniambia, “Ni presha tu, mama.” Tu! Kwa nini aliongeza “tu”?

Jumatano, 17 Septemba

Vigae vimekuja. Vya sebuleni kwangu! Lesikar alileta vya rangi ya maziwa yaliyoganda, nikavirudisha. Kama ni msiba wangu, nachagua mwenyewe. Vya kahawia, havionyeshi tope la wageni.

Naandika kwa mzaha lakini sina raha hata kidogo. Naogopa kufa. Haya, nimeandika. Na nina hasira na Ebenezer, kwamba jambo langu analijua yeye, mimi nabaki kuhesabu milango.

Jumapili, 21 Septemba. Sokon One.

Mjini tena. Nachunguza. Nimekaa kaunta ya posta mpaka nikastaafu, mtu anayeficha jambo namjua kabla hajafungua mdomo. Nice, mkwe wangu, ananiita mama kwa sauti ya chini kama tuko kwenye maombi. Hakuwa hivyo. Mkwe wangu ni mtu wa kelele na redio.

Ebenezer naye kakonda, shati linamcheza. Zamani Jumamosi haipiti bila nyama choma ya Kwa Mrombo. Jana kanywa mtori nusu bakuli, akasukuma. Nikamuuliza Nice, mbona mume wako hali chakula? Eti yuko kwenye daieti, mama. Akakimbilia jikoni, na jikoni hakukuwa na kitu motoni. Daieti gani! Ni siri ndiyo inamla. Ana habari mbaya ya mama yake, chakula kitapitaje? Nikamhurumia. Kisha nikakumbuka vile vyoo, nikamkasirikia upya.

Alhamisi, 25 Septemba

Nimekwenda mwenyewe duka la dawa kupima presha. Binti kasema iko sawa, bibi, endelea na dawa. Mbona aliangalia mashine mara mbili?

Jumanne, 30 Septemba

Nimesikia! Sikutega sikio — nilikuwa koridoni na nguo za kuanika, nikasimama kidogo. Nice anaongea na dada yake Irine kwenye simu. Anasema mama asijue kwanza. Aambiwe akiwa kwake Akheri, huko kuna majirani wa kumshika. Halafu akalia.

Wa kunishika! Sasa nimeelewa kwa nini wanasema safari hii watanirudisha wenyewe. Nikaanika nguo zote, hata zilizokuwa zimeshakauka.

Jumamosi, 4 Oktoba. Akheri.

Leo wamenileta wote wawili. Gari kaendesha Nice, Ebenezer kiti cha abiria kasinzia njia nzima. Nikasema moyoni, hawanizungushi tena. Tulipofika nikamtuma Nice maziwa kwa Agnela. Nikamshika Ebenezer mkono hadi nyuma ya migomba, mbele ya milango yake minne.

“Ebenezer, baba. Unaniandalia msiba?”

Akashtuka. Akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

“Nani kakwambia hivyo, mama?”

“Hivi vyoo ndivyo vimeniambia.”

“Mama, wewe ni mzima. Ni presha, na dawa unakunywa. Haki ya Mungu tena.”

Alinitazama usoni. Huyu nimemzaa mimi, akidanganya anatazama viatu. Hakutazama viatu. Bwana asifiwe! Nikaegemea ukuta mbichi wa Lesikar, chokaa ikanishika mgongoni, sikujali. Nikamwambia umenitesa mwezi mzima, mtoto wewe, nimeshachagua hata wimbo wa kwaya! Nikacheka hadi machozi. Nilicheka peke yangu.

Nikamuuliza, “Sasa hivi vyoo vyote vya nani?”

Alikaa juu ya rundo la matofali, polepole, kama mzee. Ndipo akasema, “Mama, nisaidie maji ya kunywa.”

Nimeingia jikoni kuchukua maji. Glasi imejaa, iko mezani hapa, nami nimeshika kalamu. Nice hajarudi. Dirishani namwona mwanangu. Jua la saa saba, mimi mwenyewe jasho linanitoka, yeye kafunga koti mpaka shingoni. Anaangalia kaburi la baba yake, na ile nafasi ya pembeni yake ambayo siku zote nilijua ni yangu.

Ameniita. Mama. Sijaitika. Nikiitika nitatoka, na nikitoka ataniambia.