Mfumo Mpya wa Binti Yangu, Uleule

Jumatatu, 3 Februari

Amepewa mfumo mzima wa hospitali! Yeye, kitinda mimba wangu, niliyemzaa kabla ya miezi kutimia, wakasema hatafika mbali. Kafika. Bosi kamwita mbele ya wenzake, kamwambia kazi hii utaiongoza wewe.

Mfumo wenyewe ni ule tunaochukulia namba ya daktari kwenye simu. Zamani tulijipanga kwenye baraza ya hospitali kabla jua halijatoka, mgonjwa kamwegemea mgonjwa. Siku hizi unabonyeza, unapata namba, unakwenda saa yako. Mji mzima unautumia. Na mji mzima sasa uko mkononi mwa binti yangu.

Ninavyoelewa — na sielewi sana — mfumo umezeeka. Umejengwa juu ya kitu kinaitwa fremuweki, ndiyo kama msingi na nguzo zake, na lile toleo la zamani waliolitengeneza wamelitupa mkono, hawalitunzi tena. Ukitokea ufa, mwizi anaingia na hakuna wa kuuziba. Kwa hiyo anauhamishia kwenye toleo jipya. Nikamuuliza, unajenga nyumba nyingine? Akasema hapana, nyumba ni ileile, ninabadilisha msingi na watu wamelala ndani.

Nyumba gani hiyo? Lakini nikaitikia kwa kichwa. Mama wa mtu mkubwa haulizi mara mbili.

Alhamisi, 6 Februari

Nimeshawaambia. Fundi cherehani wa mlango wa pili, muuza duka, na wifi yangu. Hasa wifi. Tangu mwanawe aingie benki hatujapumua. Leo nimemwacha amalize habari za benki zote, mpaka za zulia la ofisini, kisha nikasema polepole, kama mtu anayeomba chumvi, kwamba mfumo wa hospitali anautengeneza upya wa kwangu. Akanyamaza. Wifi yangu, kunyamaza!

Sauti ilipomrudia akasema basi aiondoe ile rangi ya mfumo, kijani kama ukungu wa mkate. Fundi cherehani naye anataka herufi kubwa, macho yake yameishia kwenye tundu la sindano. Muuza duka anataka mfumo uache kumuuliza umri kila akiufungua, eti swali hilo haulizwi mwanamke hata na mumewe. Wote nimewaambia hilo dogo. Na siku ukianza waje kwangu, tuuone pamoja, mwenyewe akiwepo.

Yeye sijamwambia bado. Ana mengi.

Jumapili, 2 Machi

Kaja na kompyuta yake, kaiweka mezani hata sahani hazijaondolewa. Kioo kizima mistari myekundu. Nikadhani kaharibu. Akasema hayo ni makosa, na afadhali yaonekane sasa. Maneno ambayo toleo la zamani lilikuwa likiyaelewa, jipya haliyaelewi, inabidi ayaandike upya moja moja. Akinyoosha mstari mmoja, mitatu inazuka. Kama kufukuza kuku peke yako kwenye uwanja usio na ua.

Nikamletea chai, ikapoa. Nikamletea nyingine.

Nikasema watu watafurahi sana wakiona. Akanijibu bila kuinua macho:

"Mama, nikiifanya vizuri hakuna atakayejua kama nimefanya kitu."

Nimeligeuza neno hilo mchana kutwa. Kazi gani hiyo? Mpishi apike, watu washibe, na wasijue kama wamekula? Amechoka tu, mtoto.

Jumatano, 26 Machi

Kanipa mimi niujaribu! Kabla ya madaktari, kabla ya mtu yeyote nje ya ofisi yao. Anataka mtu anayeutumia kila mwezi kwa ajili ya presha yake, si mtu wa kompyuta. Kauweka kwenye simu yangu, wa majaribio, akasema chukua namba kama siku zote, uniambie ukiona tofauti yoyote.

Nikavaa miwani. Nikafungua.

Ni uleule.

Kijani kilekile. Herufi zilezile, kama sisimizi. Umri ukaniuliza. Namba ikaja kama inavyokuja. Nikarudia, labda nimefungua ule wa zamani — hapana. Karibu miezi miwili mwanangu amekonda mpaka shingo, na hakuna alichofanya! Nani wa kumwambia? Si mama yake.

Akaniuliza, umeona tofauti? Nikasema:

"Nimeona, mwanangu. Umebadilika kabisa. Unapendeza."

Nilidhani atatabasamu. Rangi ikamtoka.

Ijumaa, 28 Machi

Sijui nimefanya nini. Binti hali chakula. Anaongea na simu ya kazini tu, nami nasikia: kuna mtumiaji kaona tofauti. Mtumiaji ndiye mimi! Wameahirisha siku ya kuuwasha. Wamekaa wanalinganisha picha za mfumo wa zamani na mpya, ukurasa kwa ukurasa, wanatafuta kilichobadilika. Hawakioni. Na hicho wasichokiona ndicho kinachomtisha, anasema. Pengine kwenye simu za wengine kuna kitu kimekwenda upande, namba zinapotea, watu watafika hospitali na daktari hana habari nao. Turudi kujipanga barazani.

Akanijia chumbani. Ni wapi hasa, mama? Nionyeshe kwa kidole.

Ningefanyaje? Nikaonyesha kitufe cha mwisho. Nikasema kilikuwa na pembe, sasa kimeviringika. Akakitazama kama daktari anavyotazama ulimi wa mgonjwa, akaondoka nacho.

Na kumbe bosi kasema mfumo usipowashwa mwishoni mwa wiki ijayo, binti ananyang'anywa kazi, inapewa kampuni ya nje. Hilo nimelisikia kupitia ukutani. Kwa sababu ya kitufe! Mdomo huponza kichwa, ndiyo, lakini wangu umeponza kichwa cha mtoto.

Jumatatu, 31 Machi

Nimemwambia. Alikuwa anapiga pasi blauzi ya kazini, pasi imesimama mahali pamoja, mawazo yako mbali. Nikaichomoa kwenye umeme. Nikasema:

"Sikuona kitu, mwanangu. Ni uleule. Nilisema vile usivunjike moyo."

Nikangoja anifokee. Angenifokea, ningenyamaza.

"Na kitufe?"

"Kitufe nilikizua."

"Rudia, mama. Uleule?"

"Uleule. Haujabadilika hata punje. Nisamehe."

Akakaa kitandani akaanza kucheka, huku machozi yanamtoka — nami nimesimama na pasi mkononi, sijui nicheke au nilie. Akampigia bosi, akaweka sauti ya nje, akaniambia niyarudie. Nikayarudia, mtu mzima na miwani yangu, naungama kwenye simu. Bosi akasema hongera, mama, ripoti nzuri kama hiyo hajaipata mwaka huu. Hongera ya kutoona kitu! Watauwasha Jumamosi, mji ukishalala.

Bado sielewi. Lakini uso wake ninauelewa, huo nimeusoma tangu hajaota jino.

Kisha wifi akapiga. Anakuja na mwanawe wa benki, na majirani zake, anataka kujua siku tu. Binti akanitazama: wanakuja kuona nini? Ikabidi nieleze — herufi, rangi, umri, ahadi zangu zote. Akashika kichwa. Akasema Jumapili asubuhi ndipo itakapojulikana kama msingi umeshika. Watu wakifungua simu zao wakakuta kitu wasichokizoea, basi ndiyo amekwisha.

Nikaomba nimpigie wifi mwenyewe. Nimemwambia waje, kila mtu na simu yake, na mwenye haja ya daktari achukue namba hapohapo mbele yangu. Najua watakavyofanya. Watautazama, watautazama tena, watasema mbona hakuna kipya, na wifi atasema kwa sauti kuliko wote. Aseme! Tangu niolewe kwenye ukoo ule sijawahi kumwombea mwanamke yule aniumbue. Sasa namwombea.

Fundi cherehani atakuja. Muuza duka anafunga duka. Wote Jumapili.