Yule Asiyeuliza

Jumapili, 6 Julai 2025

Valarie ametoka town na flash. Series ya Waingereza, episodi sita. Mvua, matope, giza mchana kutwa — kama Mutuini hii ya Julai, ila kwao stima haipotei. Kijana amekosekana. Mama mpelelezi, koti halijui pasi, hali vizuri, halali, anamtafuta tu. Tumemaliza mbili na hakuna aliyekumbuka vyombo.

Baba Valarie anacheka. Miaka thelathini polisi, mingi yake kwa upelelezi, sasa amestaafu na kuku wake. Eti maiti mmoja wa Uingereza anapewa maaskari kumi na wawili na hema! Yeye alikuwa anaambia wenye kesi walete mafuta ya gari ndio atoke. Anaona ni kichekesho. Mimi sikucheka.

Halafu akanyoosha kidole kwa TV: aliyeficha mambo ni yule sajini mzee, mpole. Episodi ya kwanza tu! Valarie akamwuliza amejuaje. Eti wengine wote wanauliza maswali, huyo peke yake haulizi.

Jumatano, 9 Julai

Mbithe wa nyumba ya nne kutoka kwetu alikuja kukata sukuma wiki, akaketi, akakwama kwa series. Tuko naye jumuiya moja ya kanisa. Mtoto wake alikuwa mmoja tu, Musili, wa boda boda. Alibeba abiria kumpeleka uwanja wa Jamhuri siku ya maonyesho ya kilimo. Oktoba ijayo ni miaka mitatu. Pikipiki haikurudi, kijana hakurudi. Mbithe amezunguka kila mochari akitaja jina, na kila kitabu kinasema hakuna Musili. Baba Valarie alikuwa bado kazini wakati huo, upande ule ule wa Ngong Road. Alimwambia ameuliza kila mahali.

Leo kwa series mpelelezi amempigia mama wa kijana simu, kumwambia tu bado hawajapata kitu. Mbithe akashika kifua. "Ona! Amepigiwa aambiwe hakuna kitu. Mimi hata hiyo ingenitosha, Mama Valarie."

Baba Valarie akatoka, eti kufungia kuku. Kuku nilikuwa nimefungia mwenyewe.

Sasa najua kwa nini naipenda hii kitu na giza lake lote. Kule mtu akikosekana, kuna mtu mwingine anakosa usingizi. Hapa tunalala fofofo.

Jumapili, 13 Julai

Kanisani, wakati wa matangazo, Mbithe akasimama tena na ile picha ya Musili. Mchungaji akaangalia saa. Nyuma yangu mtu akaguna. Mwaka jana mimi pia niliguna — niliguna, acha niandike. Aibu.

Jumanne, 15 Julai

Baba Valarie anasema flash imeharibika. Valarie ameiweka kwa laptop yake, inacheza vizuri kabisa. Mzee mzima anadanganya juu ya flash!

Alhamisi, 17 Julai

Watu wa maji wanataka kopi ya hati ya shamba. Baba Valarie ameenda Uthiru kwa ndugu yake, nikafungua sanduku mwenyewe. Bahasha ya hati huwa anaifunga kwa kamba ya kiatu, hapendi mtu aiguse. Ndani, katikati ya hati na cheti chetu cha ndoa, kitambulisho.

Si changu. Si chake.

Musili. Uso ule ule wa picha ya kanisani. Kona moja imepinda.

Nimeketi sakafuni mpaka miguu ikafa ganzi. Hati sikuipeleka.

Jumamosi, 19 Julai

Siku mbili nimempakulia chakula, nimenyamaza. Asubuhi hii nikaweka kitambulisho kwa sahani yake, kando ya mkate. Nikangoja aulize nimekitoa wapi. Hakuuliza.

Mwishowe akasema. Mwenzake alimpiga kijana risasi, akidhani ni mwingine waliyekuwa wanamfuata. Mkubwa wao akaamuru: toa kitambulisho mfukoni, andika mwanamume asiyejulikana. Alama za vidole zisichukuliwe. Ukiandika jina, lazima uandike na aliyepiga. Ndiyo maana kila kitabu kilisema hakuna Musili! Alilala mochari miezi, akazikwa na wengine wasio na wenyewe. Na mama yake alifika hapo hapo mlangoni, akataja jina, akarudishwa.

Baba Valarie aliambiwa achome kitambulisho. Hakuweza. "Nikasema siku moja nitampa mama yake."

Siku moja! Mama yuko nyumba ya nne! Amekula chapati za huyo mama. Amemwombea kwa jumuiya, kwa sauti, macho yamefungwa. Nimelala na huyu mtu miaka ishirini na sita.

Akalia. Mimi sikulia. Ananiambia nikisema, hao wenzake watatukujia, na Valarie pia. Ninyamaze, ningoje afe kwanza. Naogopa, nisijidanganye. Namchukia, na bado nimemfulia shati la kanisa.

Jumapili, 20 Julai

Niko jikoni, naandika juu ya meza ya kukatia mboga. Chai iko motoni. Mbithe amekuja moja kwa moja kutoka kanisani, episodi ya mwisho. Valarie, hajui lolote, ameunganisha laptop na TV. Baba Valarie alitaka kutoka. Mbithe akamwambia keti Baba, leo ndio leo. Ameketi.

Kitambulisho kiko mfuko wa aproni. Nimekishika hata sasa, naandika na mkono mmoja.

Nasikia kwa TV mama wa kijana analia. Wamemkamata. Ni sajini mzee.

Valarie anapiga makofi. Eti, "Daddy alisema! Episodi ya kwanza!"

Mbithe hapigi makofi. Ameuliza polepole, "Baba Valarie. Wewe ulijuaje ni yeye?"

TV imezimwa.

Mbithe anauliza tena.

Chai inamwagika. Wacha nizime hii gesi niende na kitambulisho —