Namba Iliyokataa Kushuka

Rhonda, Nakuru
Jumapili, 8 Septemba 2024

Kwako dada yangu Chepkemoi,

Pokea salamu zangu, na nyingine umfikishie mama. Natumaini kifua chake kimetulia sasa baridi ya Agosti imepungua, na kwamba goti halimsumbui sana akienda kukamua. Mimi mwilini ni mzima. Immaculate, yule mliyesoma naye uuguzi, tunakutana kanisani kila Jumapili na hachoki kukuulizia. Anasema jina lako hulitaja kwa maombi kila Jumatano. Leo alipouliza kesi yako imefika wapi, nilimjibu kwamba kamati ya nidhamu itakaa tarehe ishirini na nne, kisha nikatoka kabla ya ibada kuisha.

Utashangaa kupata barua ya karatasi wakati simu zipo. Wiki hii nimekupigia mara tatu. Kila ukishika nauliza habari za viazi, unanijibu, nakata. Karatasi haitaniruhusu nikimbie katikati.

Nilipokuja nyumbani mwezi uliopita, niliona mambo ambayo hukunieleza. Niliona mama yake marehemu Winrose akikunyima mkono pale mlangoni mwa kanisa, nawe ukabaki umeunyoosha kama mtu aliyesahau alitaka kushika nini. Jioni yake tulikuwa shambani, ukaweka jembe chini ukaniambia maneno ambayo yamenikosesha raha tangu siku hiyo. Ulisema, “Kipyegon, labda nilisoma vibaya. Labda namba haikuwa tisini na sita. Nimeulizwa mara nyingi mpaka sijui tena niliona nini.”

Nilichukua jembe lako nikaendelea kulima.

Acha nianze na kazi yangu, kwa maana unaijua juu juu tu. Watu wakikuuliza, unasema ndugu yako anatengeneza kompyuta, na mimi sijawahi kukusahihisha. Ninachoandika ni kerneli, yaani sehemu ya chini kabisa ya programu, ile inayoongea na vyuma vyenyewe. Mashine haiwezi kusoma maandishi yetu moja kwa moja. Hupitia kwanza kwa programu nyingine iitwayo kompaila, inayoyageuza kuwa lugha ya mashine. Hiyo kompaila ni kama mfanyakazi mwerevu mwenye haraka. Ikiona umeiambia ifanye jambo lile lile mara elfu, na kwa macho yake hakuna kilichobadilika, inalifanya mara moja tu na kuendelea na mengine. Mara nyingi hutusaidia. Lakini haijui kwamba upande wa pili wa waya kuna kidole cha mtu, na kwamba damu ya mtu hubadilika bila kuiaga programu. Hilo ni jukumu la anayeandika. Kuna neno moja tunaliweka kuiambia: hapa usiamini ulichosoma mwanzo, rudi usome kila mara. Neno moja tu.

Unajua pia kwamba ile mashine ya kupima oksijeni kwenye damu, mliyokuwa nayo wodini, ilitoka kwa kampuni yetu. Ndiyo maana ulinipigia ile wiki ya mazishi ya Winrose ukilia, ukaniomba niwaambie wakubwa wangu waikague. Ulinieleza yote. Ilikuwa Jumanne ya kliniki, nawe uko peke yako wodini. Stima ilipotea saa tano kasoro, ikarudi baada ya dakika chache. Ulipita kwa Winrose ukamkuta amelala, mtoto wake wa siku nne kando yake, mashine inaonyesha tisini na sita. Ukaandika hivyo kwenye faili, ukakimbia kumpokea mama mwingine aliyekuwa anajifungua. Uliporudi saa sita hivi, Winrose alikuwa amekwisha kupoa mikono, na mashine bado inasema tisini na sita, kengele haijalia hata mara moja. Ulinisisitizia, “Haikulia. Mlango ulikuwa wazi, ningesikia.” Nami nikakuambia kwamba sehemu ninayoshughulikia ni nyingine, lakini nitawafikishia wanaohusika.

Mashine ililetwa Nakuru mwezi wa sita. Baadaye ikatoka ripoti kwamba haina hitilafu. Ripoti hiyo ndiyo iliyofanya waseme kwamba wewe hukufika kwa mgonjwa kabisa, kwamba tisini na sita uliitunga ukiwa umekaa mahali na kuijaza kwenye faili kujikinga. Kemboi, mume wa Winrose, alisomewa ripoti hiyo mbele ya wazee wa boma. Najua, kwa sababu mama aliniambia Kemboi alivyokusimamisha sokoni na mtoto mkononi, akakuuliza kama ulikuwa unakunywa chai.

Chepkemoi, sehemu ile si ya mtu mwingine. Niliiandika mimi. Na ripoti niliitia sahihi mimi, ndiyo maana kwenye nakala mliyopewa jina la mkaguzi liliondolewa, ukabaki muhuri wa kampuni tu.

Mashine ilipofika nilijifungia nayo kwenye chumba cha majaribio asubuhi. Nilivaa kile kibanio cha kidole, namba ikapanda na kushuka vizuri. Nikazima umeme nikauwasha, kama ulivyonieleza. Ikaonyesha tisini na saba. Nikavua kibanio nikakiweka mezani. Ikabaki tisini na saba. Nilikaa pale dakika ishirini na tano, kibanio kiko mezani hakijashika kitu, na mashine inaniambia mgonjwa ni mzima. Umeme ukirudi, programu hupitia njia nyingine ya kuamka, na katika njia hiyo nilisahau lile neno moja. Kompaila ikasoma namba mara moja, ikaridhika.

Ningekuwa nimesahau tu, labda ningeweza kukutazama usoni. Lakini mwezi wa pili, tulipobadilisha kompaila ya zamani na kuweka mpya, niliiona namba ikiganda hivyo hivyo. Mara moja. Niliongeza mstari wa kuchapisha namba ili nifuatilie, na kosa likatoweka, kwa sababu ule mstari wenyewe uliilazimisha kompaila isome upya. Jonah, tunayekaa naye meza moja, aliniambia, “Boss, kosa likijificha ukiliangalia, hilo ndilo la kuogopa.” Nilimjibu kwamba limepona. Nilikuwa na haraka ya kumaliza. Niliufuta ule mstari, nikaandika kwenye daftari la kazi: halijaonekana tena. Miezi mitatu baadaye lilimkuta Winrose.

Siku ile ya majaribio nilimwita mkubwa wetu, Gedion, nikamwonyesha. Alitazama kibanio mezani, kisha akasema tulirekebishe kimya kimya, kwa sababu aliyekufa hatafufuka na vituo vyote vitarudisha mashine. Akasema muuguzi ataonywa tu, kazi hatafukuzwa. Nilimwambia muuguzi huyo ni dada yangu. Akasema basi nina sababu zaidi ya kunyamaza, watasema namtetea ndugu. Nikakubali. Marekebisho yaliingia kwenye mashine zote kwa laini ya simu siku ya Ijumaa. Hata ile yenu. Ndipo nikaandika kwamba haina hitilafu, na siku niliyoandika ilikuwa kweli.

Programu ya zamani, ile yenye kosa, sikuifuta. Jana nimeituma kwa kamati pamoja na maelezo yangu ya kurasa sita, daftari la kazi, na video ya kibanio kikiwa mezani. Nimetia jina langu kamili na namba ya kitambulisho. Gedion nimempa nakala. Alisoma ukurasa wa kwanza akaniambia niache funguo za ofisi kwa mlinzi. Wakili mmoja hapa amenieleza kwamba naweza kushtakiwa, na sikumbishia.

Uliandika ulichokiona. Usikubali mtu yeyote akutoe hapo tena, hata wewe mwenyewe.

Siombi unisamehe kwa barua. Jumamosi nitakuja Keringet, lakini sitaanzia nyumbani. Nitaenda kwa Kemboi nimwambie yote haya kwa mdomo wangu, mama mkwe wake akiwepo. Usinisindikize, na usitume mtu. Wakinipiga, wanipige.

Mama msalimie, ila barua hii usimsomee. Nitamwambia mwenyewe, nikiruhusiwa kuingia.

Ni mimi mdogo wako,
Kipyegon