Kanga Aliyonifunga Mama Mkwe

Jumamosi, Mpanda. Mvua imenyesha tangu alfajiri, na nimeshukuru, maana hakuna mgeni aliyekuja.

Wewe unayesoma, nakuomba sana, haya yaishie kwako. Usimtumie mtu, usimsomee hata shoga yako. Mji wetu ni mdogo, na siri hii si yangu peke yangu.

Tangu nijifungue mwanangu wa kwanza nimekuwa nikihisi uzito huko chini, kama nimekalia mpira mdogo. Asubuhi unapungua. Jioni, baada ya kutwa nzima ya kuinua maboksi ya majalada ofisini, unarudi. Wiki hii, nikioga, niligusa kitu laini kimechungulia.

Niliamini ni kansa. Nikaanza kufikiria nani atamlea mwanangu.

Mama mkwe alikuja kutoka Kibaoni kunihudumia uzazi, na bado yupo kwa ajili ya mtoto. Kila asubuhi hunifunga tumbo kwa kanga ili lirudi. Mimi, bila kumwambia sababu, nikawa namwomba akaze zaidi. Nilidhani kanga itakizuia kile kitu.

Jana nilikwenda hospitali. Nesi mkunga alinilaza, akavaa glovu, akaniambia nikohoe.

"Hicho ni kikohozi cha kanisani, mdogo wangu. Kohoa kama jiko linafuka moshi!"

Nilicheka, nikakohoa, naye akaona. Akanisimamisha, nikakohoa tena. Akasema kilichochungulia si uvimbe. Kizazi kimeshuka. Misuli inayokibeba ililegea niliposukuma muda mrefu, maana mtoto alikuwa mkubwa. Kubeba vitu vizito, kikohozi kisichoisha na choo kigumu huzidisha. Alipoiona kanga akatikisa kichwa: ukilibana sana tumbo, nguvu inakwenda chini.

Kumbe nilikuwa nakisukuma mwenyewe.

Alinifundisha kubana misuli ile, kama mtu anayezuia mkojo, kisha kuiachia taratibu. Nisipopata nafuu, kuna pete laini ya kukishikilia kizazi, na kuna upasuaji.

Leo asubuhi mama mkwe alikuja na kanga yake. Nikamwambia basi, mama.

"Nyie wasichana wa ofisini! Haya, tumbo libaki kama gunia la mpunga."

Nikamweleza yote. Aliikunja kanga, akaikunjua, akaikunja tena.

"Na kama mtu anacho tangu amzae mumeo?"

Sikujua niangalie wapi.

Jumatatu tunakwenda hospitali wote wawili. Ameniomba nisimwambie mtu, hata mwanawe. Nami nimekuandikia wewe. Je, nimemkosea?

Kama nawe unakibeba, niandikie kwenye kisanduku cha maoni hapo chini. Usiweke jina. Andika tu neno "kanga", nitaelewa. Maoni hayaonekani mpaka niyaruhusu, na hayo sitayaruhusu. Nitakujibu kwenye andiko langu lijalo, bila kukutaja, nitakaloandika mchana mama mkwe akiwa amelala na mtoto.